Mhariri, kushusha gari nyuma ni sawa ila springi haikatwi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na vijana wenzangu wa magari, hasa nyie wa Subaru Impreza WRX maana nyie ndo nawaona sana hapa Dar, wa Toyota Altezza na Mazda RX-8 nao wasome tu kwa sababu mengi yanafanana. Ninachotaka kusema ni hivi. Kushusha gari nyuma, yaani kupunguza kimo chake kwa springi fupi, unaweza kabisa ukafanya mwenyewe nyumbani, siku moja ya wikiendi na vifaa vya kawaida, na sio uhuni kama wazee wetu wanavyodhani, gari iliyoshushwa vizuri inatulia kwenye kona na inapendeza macho. Ila springi haikatwi, springi haichomwi moto, na gari uliyoishusha nyuma haijaisha mpaka tairi za nyuma zimepimwa alaimenti, yaani zinaelekea wapi na zimeinama kiasi gani. Haya ndo yanayoachwa kila siku kwenye gereji zetu za mtaani na ndo yanayonifanya niandike nikiwa na hofu kweli kweli, kwa sababu hao wanaoendesha hizo gari ni wadogo zetu.

Nianze na kukata. Najua kwa nini watu wanakata, springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari yako zinatafutwa kwa tochi, ukizipata bei inauma, halafu fundi yuko hapo chini ya mti na grinda yake anakwambia bro lete elfu kadhaa natoa koili moja na nusu saa hii hii unaondoka. Gari inashuka kweli, unapiga picha, unapost, watu wanasema moto. Shida ni kwamba springi ina kazi mbili na watu wanaijua moja tu. Kazi ya kwanza ni kubeba gari. Ya pili ni kukaa imebanwa kwenye viti vyake juu na chini muda wote, hata pale tairi inaponing'inia hewani. Impreza za mpaka 2007 hivi, yaani zile za taa za mviringo zinazoitwa bugeye na zilizofuata mpaka mwisho wa toleo lile, nyuma shokapu imepita katikati ya springi, na ncha ya springi inakaa kwenye kiti chenye umbo lake kabisa, kuna sehemu imetengenezwa ncha iegemee. Ukikata, ncha inakuwa imekatika tu kama fimbo, haina pa kuegemea, inaanza kuzunguka na kuchimba kile kiti.

Halafu kuna urefu. Gari ikivuka tuta kwa kasi au tairi ikitumbukia shimoni, shokapu inajivuta mpaka mwisho wake, na springi ya kiwandani imepimwa iwe ndefu kuliko hapo ili ibaki imebana. Ile iliyokatwa haifiki, kwa iyo kwa sekunde moja springi inacheza ndani bila kushikwa na kitu, afu gari inarudi chini na springi imekaa upande. Ile kong kong unayoisikia nyuma ukipita kwenye matuta mtu anakwambia ni stabilaiza linki, kile kifimbo kinachoshika stabilaiza, mara nyingi kwenye gari iliyokatwa springi ni hiyo.

Kuna wanaojitetea kwamba springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi kwa iyo gari inakuwa ya sport. Ni kweli inakuwa ngumu, hesabu yake ni rahisi tu, ugumu wa springi unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi, ukiwa na 6 ukabaki na 5 ugumu unapanda asilimia 20. Lakini angalia ulichopoteza upande wa pili, nafasi ya tairi kupanda kabla haijagota inaweza ikawa imebaki nusu. Umeongeza ugumu kidogo umepunguza nafasi nyingi, hapo lazima igote. Springi halisi ya kushushia ni fupi lakini waliitengeneza na ugumu wa kutosha kuilinda ile nafasi iliyobaki, na bado ina urefu wa kubaki imebana tairi ikiwa hewani. Hilo grinda haliwezi kukupa.

Na wanaochoma kwa gesi mpaka springi inalegea gari inajishukia yenyewe, jamani hapo sijui niseme nini. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalum ndo maana kinajikunja kinarudi mara mamilioni, ukikichoma mpaka kikawa chekundu umekifuta kile kipaji chote, kitaendelea kulegea kila mwezi, kulia na kushoto havitalingana, na pale mpaka kati ya sehemu iliyochomwa na ambayo haikuchomwa ndo pa kukatikia.

Sasa kwa nini nasisitiza nyuma. Mbele kuna injini, uzito wake ni ule ule leo na kesho. Nyuma uzito unabadilika kila siku, leo uko peke yako na buti tupu, kesho umebeba watu watatu kiti cha nyuma na mabegi na tenki limejaa. Gari iliyoshushwa kwa macho, yaani fundi kaangalia tu fenda imefunika tairi kidogo akasema poa, imepimwa ikiwa tupu. Desemba hiyo inabeba familia kwenda Moshi. Hapo nyuma inakuwa imeshalalia ile raba ya kugotea, inayozuia chuma kisigonge chuma, kabla hata hamjafika Chalinze, yaani springi haifanyi kazi tena, gari inatembea juu ya raba. Kwenye lami nyoofu utasikia tu inarukaruka. Kwenye kona yenye bonde bonde pale ndo hatari, tairi ya nyuma ikigota inapoteza mshiko ghafla na nyuma inachomoka. Mbele ikipoteza mshiko gari inakwenda nje ya kona, ukitoa mguu kwenye mafuta mara nyingi inarudi. Nyuma ikichomoka mwendo wa mia na kitu, kabla hujaelewa umeshageuka unaangalia ulikotoka, na pembeni ya barabara ile kuna watu wanauza machungwa.

Mnaopenda historia ya hii gari mnajua dereva wa rally Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya 1997 na Impreza, na Richard Burns akashinda tena na Impreza 2000. Zile gari zilikuwa zimenyanyuliwa, tairi zimepewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Wale waliokuwa wanaijua Impreza kuliko mtu yeyote, walipoileta Afrika Mashariki kitu cha kwanza walichokitafuta ni nafasi ya tairi kucheza. Sisemi nasi tunyanyue, najua na huku Bongo kuna mtindo wa kuweka speisa, vile vipande vya kunyanyulia, gari ziwe kama za shamba, nasema tu kwa barabara zetu na matuta yetu milimita 20 mpaka 30 inatosha kabisa kwa gari ya kutembelea, na ndo kipimo ambacho springi nyingi za kushushia Impreza zimetengenezewa.

Haya, nyumbani unafanyaje. Kwanza sakafu, iwe zege na iwe tambarare, sio mchanga wala paving zinazocheza. Kabla ya kugusa spana yoyote chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa fenda kwa kona zote nne, andika, na andika pia mafuta yalikuwa kiasi gani na upepo wa tairi, maana bila hivyo vipimo baadae utabishana na macho yako. Na macho kwenye Impreza yanadanganya, upinde wa fenda ya nyuma umekuja chini kuliko wa mbele kwa iyo gari hata ikiwa ya kiwandani inaonekana kama imekaa chini nyuma. Ukishusha sawa sawa mbele na nyuma kwa kufuata namba, nyuma itaonekana imelala zaidi, usishtuke ukaanza kuongeza vitu, fuata namba.

Weka kabari tairi za mbele, mbele na nyuma ya tairi. Handibreki ya Impreza inashika tairi za nyuma, ukishainua nyuma haishiki chini tena, hiyo wengi hawaifikirii kabisa. Legeza nati za rim kidogo gari ikiwa bado chini. Jeki ya nyuma wengi tunaiweka kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya tairi za nyuma, inua taratibu, halafu shusha gari kwenye stendi mbili pale kwenye sehemu za jeki pembeni ya bodi. Stendi sio matofali. Naomba hili lisomwe vizuri, tofali la saruji linapasuka bila kutoa taarifa, na jeki ya mafuta ina sili ambayo siku yoyote inaweza kuachia, mtu haingii chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja anafuata soketi iliyodondoka. Ukishaweka stendi isukume gari kwa mkono, ikitingishika rudia.

Nati za juu za shokapu ziko tatu kila upande, kwenye saluni, yaani gari zenye buti lililojitenga, zimejificha nyuma ya kiti, unatoa kwanza kiti cha kukalia halafu cha kuegemea. Kwenye hechibeki ziko nyuma ya plastiki za buti. Legeza lakini usizitoe, na ile nati kubwa ya katikati usiiguse kabisa kwa sasa hivi, hiyo ndo inashikilia springi iliyobanwa na ukiifungua inakurukia. Chini kuna bolti mbili kubwa za spana 19 zinashika shokapu kwenye habu, pale tairi inapofungwa, mara nyingi zimekamata kutu, zipulizie mafuta ya kutu usiku wa jana yake, kesho zinatoka kistaarabu. Mpira wa breki umeshikwa kwenye shokapu na kuna waya wa sensa ya ABS karibu hapo, vitoe kwenye vishikio vyao kabla ya kuchomoa bolti, maana habu ikianguka inaning'inia kwenye mpira wa breki, na mpira uliovutwa unaweza ukachanika kwa ndani bila wewe kuona. Weka kijeki kidogo au funga habu na kamba isianguke, hata draivu shafti haipendi kuvutwa hivyo. Fungua na stabilaiza linki inakupa nafasi ya kupumua.

Malizia zile nati tatu za juu, na shokapu ikishatoka nje kuna sehemu moja ya kuogopa na ni kubana springi. Tumia vibano viwili vizima vya springi, viwekwe vikitazamana, kaza mizunguko michache huku, mizunguko michache kule, kwa spana ya mkono, sio mashine ya upepo. Usisimame kwenye mstari wa juu wala wa chini wa springi. Kama huna vibano vizuri peleka hiyo shokapu kwenye gereji yenye mashine wakubadilishie springi wakati unasubiri, ni hela ndogo na wala hujapoteza heshima ya kufanya mwenyewe. Waya wa kufungia au nondo zilizokunjwa nimeona watu wanatumia, hapana kabisa.

Ukiwa umefungua hapo angalia shokapu yenyewe. Shokapu iliyochoka springi fupi itaimaliza, ikiwa inavuja mafuta au ukiisukuma hairudi vizuri badili kulia na kushoto zote mbili kwa pamoja. Raba ya kugotea weka nzima, na kama maelekezo ya mtengenezaji wa springi yanasema ipunguzwe kipimo fulani punguza hicho tu, usiitoe ukaitupa, bila hiyo shokapu inagota chuma kwa chuma. Hakikisha ncha ya springi imekaa pale kwenye kituo chake chini ndo ufunge nati ya katikati.

Kurudisha ni kinyume chake, ila kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Zile amu za nyuma, yaani mikono ya chuma inayoshika tairi, zina bushi za raba ambazo hazizunguki, zinajinyonga, raba imeshikana na chuma ndani na nje. Kama gari umeishusha na bolti za bushi zimebaki zimekazwa kwenye kimo cha zamani, bushi zinakaa zimejinyonga muda wote, zinachanika mapema na zinazuia gari kukaa kwenye kimo chake halisi, ndo unasikia mtu anasema springi zangu mbona hazijashuka. Kwa iyo zilegeze, rudisha tairi, shusha gari chini, itingishe nyuma mara kadhaa isogeze mbele na nyuma kidogo itulie, halafu ndo ukaze ikiwa imesimama kwa uzito wake. Ila ile bolti yenye kichwa cha mviringo wenye alama, hiyo ndo ya kurekebishia alaimenti, piga mstari wa maka kabla hujailegeza. Nguvu ya kukaza usikisie, tafuta kitabu cha gari yako na spana ya kupimia, ya kuazima inatosha.

Wenye koilova, zile shokapu na springi za kurekebishika kimo, nao neno moja. Nimeona wanaoshusha kwa kuteremsha sahani ya springi mpaka springi inacheza mkononi, hapo umerudi kule kule kwenye springi iliyokatwa. Kama yako inarekebishika urefu kwa chini, shushia huko chini, springi iache kwenye mbano wake.

Sasa alaimenti, na hapa naongea na wenye gereji kuliko vijana. Mikono ya nyuma ya Impreza inazunguka kwa duara, gari ikishuka tairi inainama juu kuingia ndani na pia uelekeo wake unabadilika, inaweza ikaangalia ndani zaidi au nje. Kuinama kidogo sio tatizo kubwa, inakula tairi upande wa ndani na unaweza ukaivumilia au ukaweka bolti maalum za kuirekebisha, kwa sababu Subaru hawakuweka marekebisho ya hiyo nyuma kwenye hizi gari. Ila uelekeo unarekebishika, bolti ipo. Tairi ya nyuma ikiangalia nje, gari inakuwa kama mkokoteni wenye tairi bovu nyuma, ukishika breki ukiwa kasi mkia unataka kuamua njia yake wenyewe. Ukienda sehemu nyingi za alaimenti wanapima mbele tu, wanageuza tairodi, zile fimbo za usukani, unalipa, unaondoka na karatasi. Naelewa ilitoka wapi hii, wateja wao wengi wana gari ndogo za abiria ambazo nyuma ni ekseli moja iliyoungana, hakuna cha kurekebisha. Lakini Subaru, Altezza, RX-8, Mark X, hizi nyuma zinajitegemea kila tairi na zinarekebishika, na kipimo sahihi kinaanza nyuma ndo kinakuja mbele, kwa sababu mbele inawekwa kufuata gari inakosukumwa na nyuma. Kuna sehemu moja niliomba wapime nyuma wakaniambia nyuma haiharibikagi. Nikawaonesha bolti. Wakasema hawajawahi kuigusa.

Springi mpya zinakaa chini kidogo baada ya kutembea kilomita mia kadhaa, kwa iyo pima mara ya kwanza ile wiki uliyoshusha halafu rudi tena zikishatulia, na siku hiyo hiyo chukua tena futi kamba kwenye fenda. Na taa, nakumbusha maana linagusa hata wasio na gari za sport, nyuma ikishuka pua inanyanyuka na taa zinapanda zinampiga usoni anayekuja. Gari nyingi za Japani zina kidude cha kuzungusha kwenye dashibodi cha kushusha taa, kama yako haina zirekebishe ukiwa mbele ya ukuta usiku.

Mhariri, ombi langu kwako ni uwape vijana hawa nafasi kwenye kurasa za magari, waandishi wenu waende kwenye gereji za alaimenti wawaulize wenyewe kama wanapima tairi za nyuma na kama mafundi wao wamefundishwa. Na nyie mnaouza spea za mtumba, acheni kuuza springi zilizokwisha kukatwa mkazipiga rangi zikaonekana za kushushia. Mnunuzi akitaka kuzijua aangalie ncha, ya kiwandani imeisha kwa umbo la kiti chake na iliyokatwa ina kovu la grinda hata ikipakwa rangi mara mbili.

Msomaji wako, mpenzi wa Subaru,
Tabata, Dar es Salaam